Kipimo Kilisema Sina Tegu

Sijawahi kula nguruwe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na kila anayesikia ugonjwa wangu, na nimechoka kuulizwa. Sijala kwa kujua, sijala kwa kulishwa, sijala harusini wala safarini. Hata hivyo tegu wa nguruwe alikaa kichwani mwangu, akaniangusha mbele za watu, na nusura anitoe nyumbani kwangu. Naandika sasa kwa kuwa naweza kushika kalamu bila mkono kuruka, na kwa kuwa najua kuna mwanamke mahali fulani, huenda amejifunga ushungi kama mimi, anayeogopa kwenda kupimwa kwa sababu ya swali hilohilo. Dada, nenda kwanza. Ukirudi ndio usome yaliyobaki.

Naitwa Hadija. Ni fundi cherehani, meza yangu iko barazani sokoni Kabuga, nje kidogo ya Kigali, na nyumba yetu iko Busanza. Mume wangu Shabani anapakia mizigo ya ndege kwenye uwanja wa Kanombe. Tunaishi na mama yake, Bi Mwamini, ambaye babu yake alikuja huku na majora ya vitambaa kutoka pwani akaoa, asirudi tena. Bi Mwamini ana desturi moja ambayo haivunjiki. Kila Ijumaa na kila sikukuu hutandika mkeka, anaweka sinia moja la wali katikati, na sote tunakula humo kwa mkono. Kwake yeye familia ni wale wanaokula sinia moja. Wengine wote ni majirani, hata kama wamezaliwa na dada yake.

Nilianguka mara ya kwanza mvua za vuli zilipoanza. Nilikuwa napachika mkono wa gauni la mteja, nikaona kidole changu cha kushoto kinaruka chenyewe. Nilikitazama kama si changu. Kisha sikumbuki kitu. Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, nimeuma ulimi, mdomo umejaa damu, na watu wamesimama mbali wameniachia duara. Huku kwetu mtu akianguka igicuri, yaani kifafa, hawamgusi. Wanaogopa povu lake. Aliyenigusa ni mmoja tu, Josefina, fundi wa meza ya jirani, Mkristo aliyekulia Tanzania akarudi huku mtu mzima. Alikuwa amepiga magoti, kichwa changu kiko mapajani mwake, na anawafokea watu.

"Mnatazama nini? Sinema? Hebu leteni kitenge nimfunike!"

Nilikuwa nimejikojolea. Kitenge kile kilikuwa mali ya mteja na hakijashonwa bado, lakini Josefina alinizungushia kiunoni bila kuuliza, na nikaenda nacho mpaka nyumbani. Ukitaka kujua ugonjwa ulinifunza nini kuhusu watu, mengi niliyajua siku ile.

Nilianguka tena jikoni. Nilianguka tena kwenye cherehani, sindano ikapita kwenye ukucha. Kituo cha afya wakanipa vidonge vya kuzuia kuanguka, wakanituma hospitali. Huko daktari kijana aliniuliza kama nakula nguruwe. Nikamwonyesha ushungi wangu kwa kidole chenye bandeji. Akaona aibu kidogo, lakini akasema kuna kipimo kipya cha tegu wa nguruwe kinafanyiwa majaribio kwa watu wenye kifafa, tone moja la damu ya kidole, kijikaratasi kama kile cha malaria. Kama nitakubali. Nilikubali. Mstari ukatokea mmoja. Maana yake sina.

Laiti ungeona furaha nyumbani! Bi Mwamini aliposikia kuwa kuna kipimo cha tegu wa nguruwe na mimi nimetoka safi, alipika pilau. Shabani alipiga simu kwa kaka zake wote wawili. "Wamempima, hana! Safi kabisa!" Mimi nilikula pilau ile nikiwa na ukucha mweusi na ulimi unaouma, najiuliza ni nini tunachosherehekea, maana kuanguka kulikuwa palepale. Walichosherehekea hakikuwa afya yangu. Nilikasirika, lakini nilikula, kwa sababu Bi Mwamini anajua kupika pilau.

Baada ya wiki kadhaa akanipigia simu muuguzi wa majaribio yale, Claudine. Akasema wale ambao kipimo kilisema wanao, wote wamepigwa picha ya kichwa. Sasa wanaita na baadhi ya wale ambao kipimo kilisema hawana. Nami nimo, kama nataka.

"Oya, hapana," akasema Shabani. "Umeshapimwa ukatoka safi. Unaenda kutafuta nini?"

"Natafuta kinachoniangusha."

"Mwenye kutafuta jambo baya atalipata," akasema mama yake.

Nilivaa viatu nikaenda.

Chumba cha kungojea picha kina mabenchi marefu ya mbao. Akiitwa mmoja, wote mnasogea kidogo, kwa hiyo unafika mlangoni ukiwa umekalia joto la kila mtu aliyekutangulia. Televisheni ilikuwa inaonyesha mapishi bila sauti. Pembeni yangu alikaa mzee aliyekumbatia bahasha kifuani, na mama mmoja mwenye mtoto aliyelala mdomo wazi. Mama yule aliniuliza nina ugonjwa gani. Nikamwambia sijui, ndio nimekuja kuuliza. Akasema, "Ihangane," lile neno letu la kumpa pole mtu na kumwambia avumilie kwa pamoja. Nikamjibu kwamba nimeshavumilia, sasa nataka majibu. Akacheka mpaka mtoto akaamka.

Claudine alinikuta hapo. Ni mwanamke mnene, mchangamfu, Kiswahili chake ni cha mjini Kigali, hakijali mambo mengi lakini kinafika. Nikamuuliza kwa nini wananipima tena wakati wameshanipima.

"Mama, leo hatupimi wewe peke yake," akasema. "Tunapima na kipimo. Hii kipimo iko mpya. Tunataka kujua kama iko inasema ukweli, ama iko inatudanganya."

Siwezi kueleza vizuri jinsi maneno hayo yalivyonitia nguvu. Tangu nianguke, mimi ndiye niliyekuwa natazamwa, naulizwa, nashukiwa. Sasa kumbe hata kipimo kinaweza kusimamishwa kikaulizwa maswali. Nililala kwenye ile mashine inayonguruma nikiwa na moyo wa mtu aliyekwenda kutoa ushahidi.

Picha ilipotoka, daktari alinionyesha kwa ncha ya kalamu. Upande wa kulia wa ubongo wangu kulikuwa na kifuko kimoja, cha mviringo, na ndani yake nukta nyeupe. Nukta ile ndiyo kichwa cha mnyoo. Alikuwa hai. Daktari alisema polepole, akiogopa nitalia, na mimi nilicheka kwa sauti. Mtu yeyote aliyeambiwa miezi mizima kwamba hana kitu huku akiokotwa sakafuni atanielewa.

"Na kile kipimo?" nikamuuliza Claudine.

"Kimekosa, mama. Kifuko iko moja tu, kwa damu alama iko kidogo sana, kipimo hakikuona. Ndiyo maana tunahitaji watu kama wewe. Wewe umetuonyesha mahali iko inakosea."

Nyumbani hawakucheka. Nilisimulia yote nikiwa nimesimama, nikatoa na ile picha. Shabani aliishika juu chini, akairudisha.

"Una majibu mawili," akasema. "Moja zuri, moja baya. Kwa nini unachagua lile baya?"

"Kwa sababu ndilo la kweli."

"Nani atajua? Tukisema kile cha kwanza, tumesema uongo? Si karatasi yao wenyewe?"

Bi Mwamini alitoka nje, akarudi na kopo la udongo kutoka bustanini. Alichukua sahani ya bati ya buluu niliyokuwa nimelia chakula mchana, akaiosha mara saba, mara moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa kuosha chombo kilichoguswa na nguruwe. Aliosha taratibu, bila chuki, midomo ikihesabu. Kisha akaiweka kwenye rafu ya chini, peke yake, na kikombe chake cha buluu. Ijumaa iliyofuata sinia liliwekwa, na mimi nilipewa sahani ya buluu mlangoni. Nililia. Sitadanganya kwamba sikulia. Mtu anaweza kukutukana ukamjibu, lakini anayekuosha mara saba huku anakusikitikia, utamjibu nini?

Kesho yake Bi Mwamini alifunga safari mpaka Kabuga kumwuliza Josefina kama ndiye aliyenilisha. Josefina aliacha cherehani inazunguka.

"Mama yangu, shikamoo. Mimi nguruwe nala tangu utoto, na kichwa changu hiki hapa, kizima, uliza popote. Huyu Hadija hata harufu yake hawezi, nikija na chakula changu anahama meza. Sasa nieleze wewe, mnyoo aniache mimi aende kwake, kwa njia gani?"

Namsifu Bi Mwamini kwa jambo moja, na ndilo lililokuja kuniokoa: akikosa jibu, hatulii mpaka alipate. Alirudi nyumbani, na swali lile likakaa naye siku nyingi.

Dawa zenyewe ziliangukia Ramadhani. Shabani aliniomba nisubiri mwezi uishe, watu wasije wakauliza kwa nini sifungi. Nilimwambia mnyoo hafungi. Dawa ya kumuua tegu inamezwa pamoja na chakula chenye mafuta, na nyingine ya kuzuia ubongo usivimbe inataka tumbo lisiwe tupu. Basi kila mchana, nyumba nzima imefunga, mimi nilitoa kigoda uani, si jikoni, si chumbani, uani, nikala sambusa na parachichi mbele ya kila aliyepita. Jirani alichungulia juu ya ukuta. Nikamkaribisha. Akazama kama ametupiwa jiwe.

Siku za mwanzo ni mbaya, na wewe unayesoma ujue mapema usije ukadhani unakufa. Mnyoo anapokufa anagomba. Kichwa kiliniuma hadi nikawa nasikia vijiko vikigusana chumba cha pili kama nyundo. Nilitapika. Hapo sitamnyima Shabani haki yake: alikaa na mimi mchana kutwa, akashika ndoo, akaimwaga, akaiosha, akarudi akaishika tena. Alikuwa ananipenda. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi baadaye.

Kisha mwili ukageuka kwa ile dawa ya uvimbe. Uso uliumuka kama andazi, macho yakawa mistari. Nilikuwa na njaa isiyo na adabu. Nywele zikaota kidevuni, na Josefina akazinyoa kwa wembe wa kukatia nyuzi, akisema sasa nimekuwa shehe, bado kilemba tu. Wateja wawili walihama. Mmoja alirudi kuchukua nguo yake akiwa ameshika pua, ingawa tegu hana harufu. Nilimpa nguo, nikamwambia pindo limekaa vizuri, na kweli lilikuwa limekaa vizuri. Nilianguka mara moja katika kipindi hicho. Tangu hapo sijaanguka tena.

Mvua za masika zilipokaribia kuisha niliitwa kupigwa picha ya pili. Asubuhi ile nilimkuta Bi Mwamini amevaa buibui yake ya safari, ameketi sebuleni na mkoba mapajani.

"Nakwenda na wewe," akasema. "Nataka kumwuliza huyo muuguzi swali la yule rafiki yako."

Tulikaa kwenye mabenchi yaleyale, tukasogea na kusogea. Picha ikasema kifuko kimekauka, limebaki kovu dogo. Nilisema Alhamdulillahi, na yeye akaitikia. Kisha akamgeukia Claudine na swali lake: aliyekula hana, asiyekula anaye, kwa njia gani?

"Bibi, sikiliza," akasema Claudine, akasogeza kiti. "Mwenye anakula nyama haijaiva, yeye anapata mnyoo mrefu kwa tumbo. Hasikii kitu, anaishi tu. Lakini mayai yanatoka chooni. Asiponawa, yanaenda kwa mkono, kwa maji, kwa mboga. Sasa mwenye anameza mayai, huyo ndiyo inamupandia kichwani. Hata kama hajawahi gusa nguruwe."

"Kwa hiyo huyu hakula."

"Huyu alikula mavi ya mtu, bibi. Utanisamehe."

Bi Mwamini aliutazama mkono wangu wa kushoto, ule uliokuwa ukiruka. "Na huyo mtu anaweza kuwa wa nyumba moja naye?"

"Anaweza. Anaweza pia kuwa mwenye kuuza kabichi. Hatutajua. Ndiyo maana tunaomba watu wote ya nyumba walete choo kwa kikopo, tupime."

Tulirudi Busanza na vikopo vitatu ndani ya mkoba wa Bi Mwamini. Cha kwake kilikuwa cha kwanza. Alitoka chooni amekifunika kwa kitambaa cheupe. "Hiki hapa," akasema. "Mimi sina cha kuficha mbele ya Mungu, seuze mbele ya Claudine." Changu kikafuata. Cha Shabani alikiweka dirishani, akasema kesho. Kesho yake akasema amechelewa kazini. Kikopo kikaendelea kukaa dirishani, kifuniko kimefungwa, jua linakipiga.

Kila nilipokipita nilikumbuka kitu. Zile jioni aliporudi kutoka Kanombe ameshiba, hataki ugali, shati lina moshi wa mchomo na vidole vina harufu ya limau. Nilikuwa nadhani ni mbuzi. Huku mjini nguruwe wa kuchoma wamempa jina zuri, akabenzi, na vibanda vyake si haba kwenye barabara anayopitia. Sikusema. Nilitaka aseme mwenyewe. Sahani ya buluu ilikuwa bado kwenye rafu yake, maana Bi Mwamini alikuwa bado anafikiri, na akifikiri hafanyi haraka.

Ikafika Idi Kubwa. Jua la kiangazi lilikuwa limeanza kuleta vumbi. Kaka zake Shabani walikuja na wake zao, mbuzi akachinjwa, mkeka ukatandikwa, sinia likawekwa. Mimi nilikaa mlangoni na sahani yangu, uso bado wa mviringo, nimevaa gauni nililolipanua ubavuni mwenyewe. Shabani alinawa, akasogea kwenye sinia. Bi Mwamini akatazama dirishani.

"Shabani. Kile kikopo bado kiko pale?"

"Mama, leo ni Idi."

"Najua ni Idi. Nimeuliza kikopo."

"Si lazima vile. Wanaomba tu."

"Mimi bibi kizee niliingia chooni na kikopo mkononi. Mkeo aliingia. Wewe umeshindwa na nini?"

Shabani alitazama mkeka. Hakuna aliyetafuna. Kaka yake mkubwa alianza kusema jambo, mama yake akamnyooshea kidole tu, akanyamaza. Sote tulikuwa tunamtazama Shabani, na yeye hakuinua macho, na kila dakika aliyoendelea kutazama mkeka ilikuwa inajibu.

Bi Mwamini aliinuka kwa shida, magoti yake si mazuri. Alinijia mlangoni, akachukua sahani ya buluu mkononi mwangu, na nyama yangu ikiwa juu yake, akaenda akaiweka mbele ya mwanawe.

"Kula hapa," akamwambia. "Hadija, njoo ukae."

Nilikaa mahali pa Shabani. Nilitia mkono kwenye wali, ulikuwa wa moto na una iliki, nikala. Wengi wakisikia kisa hiki huniuliza kama sikumhurumia mume wangu, amekaa na sahani ile mbele ya kaka zake. Siku ile, hapana. Nilikula mpaka nikashiba.

Baadaye alinifuata uani. Alisema ni mara mbili tatu tu, na wenzake wa kazini, walikuwa wanamcheka akikataa. Nilimwacha amalize.

"Sikuulizi ulikula nini," nikamwambia. "Hiyo ni yako na Mola wako. Na sijui kama ni wewe, huenda ni kabichi. Nakuuliza jambo moja. Uliniona nakaa mlangoni na sahani ile kila Ijumaa. Ulikuwa unajua kwamba ukisema neno moja tu nitarudi kwenye sinia. Kwa nini hukusema?"

Mpaka leo hajajibu. Tunaishi, tunacheka, ananibebea cherehani ikiharibika, lakini swali hilo liko kati yetu na mimi sina haraka ya kuliondoa.

Kikopo kiliondoka dirishani wiki ileile. Majibu yalipotoka, Shabani aliingia sebuleni karatasi iko juu, ana uso wa mtu aliyeshinda kesi. "Hakuna kitu!" akasema. "Mmeona? Wamepima, hakuna. Safi!"

Claudine alikuwa ametuma vidonge kwa nyumba nzima, wenye majibu mazuri na wenye mabaya. Bi Mwamini alikuwa ameshavipanga mezani. Alichukua cha Shabani, akajaza maji kikombe cha buluu, akampa vyote viwili.

"Hata kipimo cha Hadija kilianza hivyohivyo," akasema. "Meza."